Karatasi za Karanga

Wa kwanza alikuja kabla sijaning'iniza bango.
"Dada Kashala, imetoka kwangu tangu jana,
kwake haijafika. Iko wapi sasa, njiani?"
Kana kwamba kuna njia,
kana kwamba kuna kizuizi huko upande wa Likasi
na askari anayeomba ya soda.

Nikamwambia subiri.
Nusu ya kazi yangu hapa Katuba, kando ya wauza makala,
ni kusema subiri
kwa sauti ya mtu anayejua.

Wa pili alituma kusiko.
Anwani ilifanana mwanzo, ikafanana mwisho,
katikati hakusoma.
Akaniuliza kama kuna ofisi,
kama kuna mkubwa wa kupigiwa magoti.
Nikatazama viatu vyake, vyekundu kwa vumbi la Julai,
nikakosa pa kuvituma.

Mama Yowali hataki kujua inavyofanya kazi.
Anataka kujua kama dola ya ndani ya simu
nayo huchanika.
Maana ile ya mkononi, ikiwa na tundu la sindano tu,
sokoni wanaiinua juani, wanaigeuza,
wanamrudishia kama samaki aliyelala.
Haichaniki, mama.
"Basi nipe hiyo."
Kuna ada kidogo.
"Ada ya nini tena, na haina hata karatasi?"

Umeme ukikatika wote hunigeukia mimi,
kana kwamba pesa zao nimezimeza
na sasa, gizani, nazitafuna.

Lakini nilitaka kuandika habari ya Plasidi.

Fundi redio, tunapanga naye ua mmoja.
Miaka mitatu aliweka:
faida ya spika moja, ya katoni moja ya betri.
Maneno yake kumi na mawili ya kufungulia
hakuyapiga picha, hakumwambia mkewe.
Aliyaandika nyuma ya daftari la hesabu la Numbi, bintiye.
Nani, alisema, ataiba hesabu za mtoto?

Mwaka wa shule ukaisha.
Madaftari yakauzwa kwa kilo
kwa wafunga karanga.
Mwezi wa tisa simu ikaanguka kwenye ndoo.

Anakumbuka tisa.
Zamani aliyanong'ona akichomelea waya,
mimi nikidhani anasali rozari.
Mto. Kisu. Asali. Jirani. Mvua.
Akifika la kumi anasimama,
mguu mmoja hewani,
kama anayeshuka ngazi usiku.

Mlango wake unazuiwa na msalaba wa shaba,
pesa ya babu wa babu yake, nzito kama tofali.
Ulinunua nini? Mbuzi? Jembe?
Hakuna aliyebaki anayejua bei.
Huo haupotei. Haununui pia.
Na ile nyingine ipo, haina hata gramu,
Jumapili namfungulia kwenye kioo cha simu yangu,
anaitazama bila kugusa,
kama mgonjwa wa nyuma ya dirisha.

Basi ua mzima tunanunua karanga.
Za Kamalondo, za Kenya, za stesheni.
Tunamwaga kwenye sinia, tunakunjua karatasi.
Saba mara nane, hamsini na nne, kosa.
Mito ya Kongo. Barua ya mapenzi isiyokwisha.
Numbi anasogeza taa, anatikisa kichwa:
si mwandiko wangu.
Watoto wamechoka karanga. Kuku wamenenepa.

Jana ikatokea moja. Mwandiko wake.
*Baba ana falanga mia tisa.
Ametumia mia tatu na hamsini.
Amebaki na ngapi?*
Chini yake jibu, limepigiwa mstari kwa rula,
na alama nyekundu ya mwalimu: vizuri sana.
Nyuma palikuwa na mafuta tu.

Plasidi alicheka hadi akakaa chini.
Kisha akaomba gundi,
akaibandika ukutani juu ya redio,
akaulainisha kila ukingo kwa kidole gumba.